Jibu Nililompa Nesi

Mtoto wangu wa kwanza alianza fujo akiwa bado na ukubwa wa embe dodo. Watu wa kwetu wakisoma hapa watasema nimeshaanza, maana sifa yangu Handeni nzima na nusu ya Korogwe ni kwamba nikikuambia nimeona chatu, mpunguze mwenyewe mpaka abaki mjusi. Lakini hili la fujo lilikuwa kweli. Tulikuwa tunakaa Mnyuzi, kwa mama mkwe wangu, nyumba ya tatu kutoka kwenye reli. Treni ya mizigo ikipiga honi, mtoto anaruka tumboni mpaka sahani niliyoiegemeza juu ya tumbo inahama wilaya. Siku moja alinimwagia chai. Mume wangu ni shahidi, ingawa yeye anashikilia kwamba chai niliimwaga mwenyewe kwa kucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni. Mchana jembe, jioni daftari, miaka mitatu mizima, nikafaulu kwa daraja lile la mwisho ambalo ukishapita wanafunga mlango nyuma yako. Somo langu la kujivunia lilikuwa baiolojia, nilipata C. Kwa C hiyo moja, mtaani nilikuwa daktari. Akina mama waliniletea watoto wenye vipele niwatazame, nami niliwatazama kwa makini sana na kuvipa vile vipele majina ambayo hata kitabuni hayamo. Sikumponya hata mmoja, lakini hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwetu mimba ya kwanza mtu anakwenda kujifungulia kwa mama yake. Mama yangu yuko Chanika, pale Handeni mjini, na tangu alipopata habari alikuwa anahesabu miezi kuliko mimi mwenye tumbo. Mama mkwe naye hakulipenda jambo hilo.

"Hapa kinakosekana nini?" aliuliza siku moja tukichambua mchicha. "Hospitali iko Korogwe, maji yapo, mimi nipo. Huko Handeni mtoto mtamwogesha kwa mate?"

Nilipompelekea mama yangu maneno hayo kwa simu, hakukasirika hata kidogo. "Mwambie mwenzangu madumu sita nimeshajaza. Mtoto ataoga mpaka apauke."

Walikuwa hivyo, mama zangu wawili. Hawakuwahi kugombana ana kwa ana. Walikuwa wanagombana kupitia kwangu, kwa heshima zote, na mimi kila neno nililichukua huku nikalifikisha kule likiwa limenenepa kidogo. Nilifurahia sana kazi hiyo.

Nikiwa na wiki thelathini na saba, Jumamosi moja asubuhi, mume wangu alinisindikiza mpaka stendi ya Korogwe. Kabla sijapanda gari aliinama mbele ya watu wote akaliambia tumbo langu, "Bwana mdogo, usimsumbue mama yako njiani." Alikuwa na hakika ni wa kiume. Mtoto akatii. Safari nzima hakunirushia hata teke moja, na mimi nilishukuru, kwa sababu kiuno kilikuwa kinaniuma kama nimebeba reli yenyewe.

Nilipofika, mama alinipokea kwa bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki, akaniweka kwenye mkeka, akaweka kiganja tumboni. Akangoja. Akangoja tena.

"Mbona kimya?"

"Amechoka na safari, mama."

"Kweli. Hata mimi mgongo ungeniuma."

Jumapili alicheza, lakini kidogo. Jumatatu kidogo zaidi. Zamani alikuwa anapiga kama mtu anayegonga mlango anadai chake. Sasa ilikuwa kama unasikia mtu chumba cha pili anajigeuza kitandani, halafu basi. Mama aliweka tena kiganja, safari hii akatabasamu uso mzima.

"Unaona? Ametulia. Huko mtoto wa watu alikuwa hana raha, mitreni inampigia makelele usiku na mchana. Hapa amefika kwao."

Sikumkatalia. Nawezaje kueleza jinsi neno lile lilivyokuwa tamu kwake? Alikuwa amemshinda mwenzake bila kusema neno baya. Kila aliyekuja kunijulia hali aliambiwa: kule alikuwa anarusha mateke, hapa kwa bibi yake ametulia, mtoto ana adabu huyu, anajua kwao ni wapi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nilikuwa naongeza. Nilimpigia simu mume wangu nikamwambia mwanawe amekuwa sheikh, amekaa kitako anavuta tasbihi.

"Niwekee simu nimsalimie."

Nikaiweka simu tumboni. Akasalimia. Nikairudisha sikioni nikamwambia, "Yuko kwenye dua, usimkatize."

Akacheka sana, yule bwana. Mpaka leo nakikumbuka kile kicheko chake, na najua na yeye anakikumbuka.

Jumanne jioni mama aliuliza tena, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Hivi mtoto kutulia namna hii ni kawaida kweli?"

Hapo ndipo C yangu ya baiolojia ilipoinuka ikasimama mbele ya darasa. Nilimweleza kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa anakuwa amejaa chumba chote, nafasi imekwisha, sasa hayo mateke atayarushia wapi? Nilieleza kwa mikono, nikachora duara kwenye vumbi, nikamchora mtoto ndani yake amejikunja. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Elimu ya mwanawe hiyo. Maelezo yale sikuyasoma kwenye kitabu chochote. Niliyatunga pale pale, na yalikaa vizuri mno, kiasi kwamba nikayaamini mwenyewe nikalala.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki. Miezi yote nilikuwa nimehudhuria Mnyuzi, kwa hiyo pale nilikuwa mgeni wa kuhamia, lakini mgeni gani anayekaa kimya kwenye benchi la akina mama kijacho? Haikupita nusu saa nikawa nimewajua wote. Tulikuwa kumi na kitu, kila mtu na kadi yake mkononi, na mlango wa chumba cha nesi ulikuwa wazi, kwa hiyo anayeulizwa anasikika mpaka nje. Nilishawasimulia habari za sahani inayohama wilaya, na mama mmoja wa jamii ya wafugaji, aliyevaa shuka zake nyekundu na shanga, alikuwa anajifuta machozi kwa kucheka. Nilipoitwa ndani, benchi zima lilinyoosha shingo. Walikuwa wanataka kusikia.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole, na amechoka. Akanipima uzito, akanipima presha, akafungua kadi. Kwenye kadi kuna mstari wa kila hudhurio ambao wanaandika kama mtoto anacheza au hachezi. Aliweka ncha ya kalamu pale, akaniuliza bila kuinua macho:

"Mtoto anacheza?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa hapa, nyuma ya meno: tangu Jumamosi amepungua, na leo tangu niamke sina hakika kama nimemsikia. Maneno machache tu, na kuyasema si kazi. Lakini nikaona zile shingo zimenyooka mlangoni.

"Anacheza?" nikasema. "Nesi, huyu hachezi, huyu anatafuta ajira! Timu za Dar es Salaam zimeshatuma watu kuja kumwangalia."

Benchi zima likaangua kicheko. Yule mama wa shuka nyekundu alipiga kofi ukutani. Nesi naye akacheka, akatikisa kichwa, akaandika kwenye ule mstari kwamba anacheza. Nikaiona kalamu ikiandika. Ingekuwa rahisi kusema "ngoja kwanza, nesi, natania." Natania ni neno ambalo nimelisema mara elfu katika maisha yangu. Siku hiyo halikuja.

Akanilaza, akaweka tumboni kile kipembe chake cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akainama na sikio. Akatafuta kwa muda, kisha akatulia kwenye upande mmoja. "Mapigo yapo," akasema. Nikafunga macho kwa furaha. Nikasema moyoni, si unaona?

Akiwa ananirudishia kadi aliniambia vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu ambaye maneno hayo anayasema kila siku: "Akipunguza kucheza, hata kama ni kidogo, usikae nyumbani. Unakuja siku hiyo hiyo, usingoje kliniki."

"Akipunguza tutashukuru, nesi, tutapata usingizi."

Wakacheka tena huko nje. Nikatoka kama mshindi.

Alhamisi nilimsikia mara moja, alfajiri. Palikuwa na kitu kama kidole kinachopita ndani ya kitambaa, kutoka ubavu wa kushoto kwenda chini. Nililala vile vile bila kujigeuza, nikimngojea apite tena. Jua likatoka, mama akawasha moto, jirani akaja kuomba chumvi akaondoka. Sikusikia kitu. Mchana nilijiambia labda amecheza wakati napiga soga, sikumbuki. Jioni nikajiambia nafasi imekwisha.

Ijumaa nilikunywa maji ya baridi. Nikanywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Mama akatuma nikaletewa soda iliyotoka kwenye friji ya dukani, nikainywa yote. Nikalalia ubavu. Nikaweka mkono wangu, mama akaweka wake juu ya wangu, tukakaa hivyo kama watu wanaosikiliza redio iliyokwisha betri. Tumbo lilikuwa zito, linaelemea upande ninaolalia. Nikigeuka, linageuka lote kwa pamoja.

Wanaume wakawa wanatoka msikitini. Mama aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi akasimama mbele yangu.

"Tangu asubuhi hujasema uongo hata mmoja," akasema. "Vaa viatu."

"Mama, tungoje hata..."

"Nimesema vaa viatu!"

Alikuwa hajawahi kunipigia kelele tangu nimeolewa. Nikavaa.

Hospitalini walinichukua haraka. Kipembe kwanza, nesi mmoja, halafu nesi mwingine. Kila mmoja alikuwa anatafuta kulia, kushoto, chini ya kitovu. Halafu nikapelekwa kwenye altrasaundi. Daktari alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi, ananiita mama. Alinipaka ile dawa ya baridi akaanza kutembeza kifaa chake. Mwanzoni kioo kilikuwa kimegeukia kwangu. Nikaona kichwa. Nikaona uti wa mgongo, mdogo, mzuri, umepangika kama shanga. Nikangoja kitu kitikisike. Taratibu daktari akakigeuza kioo kikaelekea kwake, na kwa kitendo hicho akawa ameshaniambia.

Hata hivyo alisema. Alikaa kabisa kwenye kiti, akasogea karibu. "Mama, nimetafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Siyaoni. Mtoto hayuko hai. Pole sana."

Kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, nilifungua mdomo nitafute neno la kuchekesha. Mdomo wenyewe ulifunguka, ni mazoea. Halikutoka neno. Ilitoka sauti ambayo mama yangu, aliyekuwa nje ya pazia, aliisikia akaingia bila kuruhusiwa.

Walinianzishia uchungu kwa dripu. Huo uchungu sitautia chumvi. Ni uchungu ule ule wa wanawake wote, ila wenzangu waliokuwa vitanda vya jirani walikuwa wanaambiwa "sukuma, mtoto anakuja," na mimi nilikuwa naambiwa "sukuma" tu. Jumamosi, adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita, akatoka. Nilisikia mkasi ukiwekwa kwenye sinia ya bati. Halafu pakawa kimya, na kitanda cha pembeni mtoto wa mtu akalia kwa nguvu zake zote, na kwa nukta moja nilidanganyika.

Alikuwa wa kike. Mkunga aliniuliza kama nataka kumwona, mama akasema asimwone, atamwota, nikasema nitamwona. Akaletwa kwenye khanga. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, zimelala kwenye paji. Kucha zilikuwa zimetimia zote kumi. Ngozi ya shavu moja ilikuwa imeanza kuachia. Na alikuwa mdogo. Mimi niliyekuwa najisifu kwa watu tumbo kama lori la mkonge, nilikuwa nimembeba mtoto wa kilo mbili kasoro. Mama alimchukua mikononi, akamwangalia kwa muda mrefu sana.

"Amefanana na mama mkwe wako," akasema. "Huu mdomo wake. Mtazame."

Akaanza kulia, na alilia bila kuficha uso.

Daktari yule kijana alikuja baadaye. Alisema kondo la nyuma lilikuwa dogo, na sehemu zake nyingi zilikuwa zimekakamaa. Chakula kilikuwa kinapita kidogo kidogo. Mtoto akiwa hivyo, akasema, anapunguza kucheza ili atunze nguvu alizonazo. Nikamuuliza, na sijui kwa nini nilitaka kujua, "Kama ningekuja hapa Jumatano?"

Alikunja karatasi yake mara mbili. "Jumatano alikuwa na mapigo," akasema. "Tungeweza kumwangalia. Huenda tungemtoa." Akaona uso wangu. "Huenda, mama. Sina hakika."

Mume wangu na mama yake walifika alasiri hiyo hiyo kutoka Mnyuzi. Mwalimu wa madrasa alisema mtoto hakulia, kwa hiyo haswaliwi, ila anaoshwa, anavikwa sanda, anapewa jina na kuzikwa. Jina lilikuwepo, tulikuwa tumeandaa la kiume, mume wangu akatafuta la kike palepale akiwa amesimama uani hospitalini. Sitaliandika. Akamchukua mwenyewe. Mimi nilikuwa kitandani, dirisha langu linatazama upande mwingine, sikuona walivyoondoka. Niliambiwa tu kwamba njia nzima hakukubali mtu ampokee.

Jumapili nilirudi Chanika. Akina mama walikuwa wamejaa, mikeka imetandikwa mpaka uani, na mama zangu wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega ukutani, wamenyoosha miguu. Mama mkwe alikuwa hajasema neno baya tangu afike. Alipika, alichota maji, alinikanda mgongo kwa mikono yake. Lakini jioni watu walipopungua, tukiwa tumebaki sisi watatu na mume wangu amekaa kizingitini, alisema huku anautazama mkeka:

"Kwangu alikuwa anacheza."

Mama yangu alivuta pumzi.

"Ni kweli, dada. Kwako alikuwa anacheza. Hapa mimi ndiye niliyesema ametulia. Nilifurahi. Nilimtangaza mtaa mzima." Akajipiga kifua mara moja, polepole. "Ni mimi."

"Si yeye," nikasema.

Wakanigeukia wote. Nikawaambia. Niliwaambia habari ya duara kwenye vumbi, kwamba mama aliuliza na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Niliwaambia Jumatano, benchi, ile kalamu, swali na jibu langu. Nililirudia jibu lenyewe neno kwa neno, timu za Dar es Salaam na yote, na kwa sauti ile ndani ya nyumba ya msiba lilikuwa neno chafu kuliko tusi.

Mama mkwe alinishika goti. "Basi, mwanangu. Usimbebee mama yako mzigo. Mama yako tumeshamsamehe, hata hakuna cha kusamehe."

"Simbebei, mama. Ndivyo nilivyosema."

"Wewe nawe," akasema kwa huruma kabisa, "hata kwenye hili unatia chumvi."

Na mama yangu akaitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu nimeolewa. Nilijaribu tena. Niliapa. Nikaona wananitazama kwa upole uleule, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kulia.

Aliyeniamini ni mume wangu. Aliniita uani.

"Jumatano saa ngapi?"

"Kama saa tatu na nusu."

"Na alikuwa hai."

"Nesi alisikia moyo."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye dumu, akanawa mikono iliyokuwa safi, akainawa tena, akaikung'uta. Nilingoja aseme ni kosa lako, au aseme si kosa lako. Hakusema la kwanza wala la pili. "Na mimi nilicheka kwenye simu," ndiyo tu alisema, akarudi ndani. Kesho yake alirejea Mnyuzi kwenye mahindi, akaniacha nimalize arobaini kwa mama. Tunaishi vizuri mpaka sasa, ananipenda na mimi nampenda. Zile sentensi mbili bado hajachagua moja.

Siku ya tatu maziwa yaliingia. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Kifua kilijaa kikawa kigumu kama mawe, maziwa yakawa yanachuruzika yenyewe mtoto wa jirani akilia, na mama akanifunga khanga kifuani kwa nguvu, akikaza kwa goti, huku anasema "vumilia, yatarudi." Yalichukua wiki.

Jumatano iliyofuata nilitakiwa kwenda kliniki kuangaliwa. Mama alitaka kunisindikiza, nikamwambia niko sawa. Nilikwenda polepole, nikapita sokoni, nikafika wakati benchi limeshajaa.

Walinikumbuka. Baadhi walikuwa walewale wa Jumatano iliyopita, na kabla sijafika karibu niliona nyuso zinaanza kufunguka, mtu anamgusa mwenzake kiwiko: yule, yule wa sahani. Walikuwa wanajiandaa kucheka. Yule mama wa shuka nyekundu alisogea akanipa nafasi, akalitazama tumbo langu, akapiga makofi.

"Umeshatua mzigo! Na wewe na timu zako! Wa kiume?"

"Wa kike," nikasema.

"Yuko wapi sasa? Umemwacha kwa bibi yake?"

Wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Wangecheka, ningeingia ndani, ningetoka, wasingejua mpaka leo.

"Tumemzika Jumamosi," nikasema. "Nilipokuwa hapa na ninyi alikuwa ameshapunguza kucheza siku nne. Nesi aliniuliza nikamjibu mzaha. Mlinisikia."

Hakuna aliyesema pole. Nadhani walikuwa hawajajua kama nimemaliza, maana na wao walikuwa wameshanizoea, walikuwa wanangoja mwisho wa hadithi ambapo chatu anakuwa mjusi. Mama mmoja hata alikuwa bado na mabaki ya tabasamu mdomoni, hajui ayapeleke wapi. Nesi alikuwa ametoka mlangoni na kadi mkononi. Alikuwa amesikia. Tulitazamana, na sikuona hasira usoni mwake. Niliona anafikiria kalamu yake.

"Alikuwa hachezi kweli?" akaniuliza.

"Alikuwa amepungua. Nilijua."

Akafunga ile kadi ya mtu mwingine aliyokuwa nayo, akaifungua tena.

Mwishoni mwa benchi alikuwepo binti mmoja, mgeni kwangu, mimba yake kubwa, amevaa dera la kijani. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Aliinuka. Akajishika tumbo kwa chini, akapita mbele ya magoti yetu wote, na hakuna aliyemwambia rudi kwenye nafasi yako. Alipomfikia nesi alisema kitu kwa sauti ndogo. Nesi akamshika mkono, wakaingia, na kwa mara ya kwanza nikauona ule mlango unafungwa.

Tulikaa nje tukingoja. Yule mama wa shuka nyekundu alikuwa ameushika mkono wangu, anauminyaminya. Baada ya muda walitoka, wakaenda moja kwa moja kwenye bajaji iliyokuwa imesimama getini, nesi amebeba mkoba wa yule binti. La kwake liliishaje sijui. Sikuuliza siku ile, na kila nilipopata nafasi ya kuuliza baadaye nilitafuta kitu kingine cha kusema.